Moshi Juu ya Dogger Bank: maisha ya mabaharia wa trola za mvuke

ZUHURA: Assalam aleikum na hamjambo wasikilizaji. Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha mambo ya bahari. Mimi Zuhura, na mwenzangu yupo hapa, kaka Mbwana, mtu wa Tanga, ambaye leo amekuja na daftari zima la mambo ya Waingereza.

MBWANA: La wavuvi wa Kiingereza, dada. Wenye meli tutawagusa, lakini nimekuja kwa ajili ya wale waliokuwa wanalowa.

ZUHURA: Haya, tuweke mahali kwanza.

MBWANA: Hull na Grimsby, mashariki mwa Uingereza, kwenye mlango wa mto Humber, moja kaskazini na nyingine kusini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Grimsby ilitajwa kuwa bandari kubwa kuliko zote duniani kwa uvuvi. Mwaka 1881 ndipo iliposhushwa Zodiac, meli ya mvuke iliyoundwa mahususi kukokota wavu, yaani trola. Kabla yake karibu vyombo vyote vilikuwa majahazi ya tanga. Miaka ishirini baadaye, katika bandari zile mbili, tanga lilikuwa limeshapisha njia.

ZUHURA: Na hapo mabaharia wakapumua. Mashine inavuta, winchi ya mvuke inapandisha wavu, wao wanasimamia.

MBWANA: Hapo ndipo nataka tubishane. Jahazi likikosa upepo, watu wanakaa. Wanashona nyavu, wanalala, wanavuta kiko. Shwari ilikuwa mapumziko yao, hata kama hakuna aliyeyapanga. Meli ya mvuke haijui shwari. Na makaa yanaungua, mnavua hamvui, kwa hiyo kila saa ambayo wavu uko juu ni hasara. Wavu ukishushwa unakokotwa saa tatu, nne, wakati mwingine zaidi, unapandishwa, unamwagwa, unashushwa tena. Usiku na mchana. Samaki wa mvuo wa kwanza hawajaisha kusafishwa, wa pili hao juu ya sitaha.

ZUHURA: Wanalala saa ngapi?

MBWANA: Kati ya mvuo na mvuo, samaki wakiwa wachache. Wakiwa wengi, hulali. Yaani bahati yako ndiyo adhabu yako.

ZUHURA: Tueleze huo wavu, maana kuna wasikilizaji wanaojua juya na jarife, lakini huu hawajauona.

MBWANA: Chukua mfuko mkubwa, mdomo wazi mbele, unabana kadiri unavyokwenda nyuma. Zamani mdomo ulishikiliwa na boriti ndefu ya mti. Kwenye miaka ya 1894 na 1895 ukaingia mtindo uliotoka Granton, Uskoti: boriti ikatupwa, badala yake mbao mbili pana zilizofungwa vyuma, moja kila upande. Meli ikivuta, maji yanazisukuma zile mbao zitengane, na mdomo wa wavu unapanuka wenyewe. Kwa hiyo unaweza kukokota wavu mpana kuliko boriti yoyote. Ila sasa una mbao mbili nzito zinazoning'inia ubavuni kwenye mawimbi, na kamba za chuma zinazokaza kama zinataka kukatika. Vidole vilikwenda hapo. Mikono ilikwenda hapo.

ZUHURA: Ubavuni? Si nyuma, tezini?

MBWANA: Ubavuni. Meli za wakati ule zilivua kwa ubavu. Nahodha anaigeuza ili ubavu wenye wavu uelekee upepo, mashine inasimama, na watu wanainamia ukingo mfupi kuvuta nyuzi kwa mikono huku bahari inapanda juu yao. Mkia wa wavu unainuliwa kwa winchi, unaning'inia juu ya sitaha, na mtu mmoja, kwa kawaida msaidizi wa nahodha, anaingia chini yake akifungua fundo moja.

ZUHURA: Chini ya mfuko wenye samaki?

MBWANA: Chini yake hasa, anavuta kamba na kuruka pembeni. Kama hakuruka, anaogeshwa. Samaki waitwao kodi na hadoki, samaki bapa, mawe, matope, vyote vinashuka pamoja. Halafu visu vinatoka. Wanasimama samaki wakiwafika magotini, hakuna kibanda, hakuna turubai, wanapasua na kutoa matumbo chini ya taa. Maini ya kodi yanawekwa kando yachemshwe mafuta. Wavuvi wa Dogger Bank walikuwa hata na ugonjwa wao wa ngozi, mwasho na malengelenge mikononi, unaotokana na kiumbe laini kama mwani anayenaswa na wavu pale. Mtu anayepata mwasho ule vibaya ilibidi atafute kazi nyingine.

ZUHURA: Dogger Bank ni kisiwa?

MBWANA: Hapana, ni fungu kubwa la mchanga chini ya maji, katikati ya Bahari ya Kaskazini, maji si marefu. Na nahodha alilijua kwa bildi, ile kamba yenye kipande kizito cha risasi cha kupimia kina. Ile risasi chini yake ina tundu, wanapaka shahamu, wanaitupa. Ikirudi imebeba mchanga, kokoto au vipande vya kome, na kwa hicho tu mzee anasema tupo wapi.

ZUHURA: Hiyo nimeipenda. Na chini kwa injinia?

MBWANA: Chini ni dunia nyingine. Kuna injinia mkuu, msaidizi wake, na vijana wa makaa. Kazi ya kijana wa makaa ni kuingia kwenye stoo ya makaa, gizani, na koleo, ayasogeze karibu na tanuru. Mwanzo wa safari makaa yapo mlangoni. Kila siku ikipita yanarudi nyuma, na yeye anayafuata. Juu mwenzake anaganda, chini yeye anaiva. Nafikiri huyo ndiye mtu ambaye simulizi za bahari humsahau haraka kuliko wote, maana hakuna ushujaa wa kuonekana kwenye koleo.

ZUHURA: Samaki wanafikaje sokoni kabla hawajaoza?

MBWANA: Njia mbili. Ya kwanza, meli inabeba barafu, inajaza, inarudi. Grimsby walijenga kiwanda chao cha barafu karibu na mwaka 1900. Kabla ya hapo barafu iliagizwa Norway. Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Meli arobaini, hamsini za kampuni moja zinakaa pamoja baharini wiki tano au sita chini ya mkubwa mmoja waliyemwita admirali. Yeye anaamua wavu ushuke lini na upande gani, usiku anatoa ishara kwa fataki. Meli ya haraka inakuja kila siku kuchukua samaki na kukimbia nao London, soko la Billingsgate.

ZUHURA: Hapo sioni ubaya.

MBWANA: Masanduku ya samaki yanafikaje kwenye hiyo meli ya haraka? Kwa mtumbwi, dada. Kila trola inashusha mashua ndogo ya makasia, watu wawili watatu wanapakia masanduku, wanapiga kasia kwenye bahari wazi. Wakifika, mashua inapanda na kushuka na wimbi, na wao wanarusha sanduku juu wakati mashua iko kileleni. Wengi hawakujua kuogelea, na buti zao zilifika mapajani. Sanduku moja likiteleza, mashua inapinduka. Na hakuna aliyetaka kusubiri bahari itulie, kwa sababu bei ya Billingsgate haimsubiri mtu.

ZUHURA: Subhanallah. Ili mtu apate chipsi na samaki.

MBWANA: Ndiyo. Kufikia mwaka 1910 inakadiriwa Uingereza ilikuwa na maduka ya samaki na chipsi kama 25,000. Chakula cha wafanyakazi wa viwandani, cha bei nafuu. Unafuu wenyewe ulitoka hapo.

ZUHURA: Tuje kwenye pesa. Mimi nimelelewa Pemba, najua mgao wa chombo: unatoa gharama, chombo kina fungu lake, injini fungu lake, nyavu fungu lake, kinachobaki ndio cha watu.

MBWANA: Basi ungekaa kule ungeelewa siku ya kwanza. Nahodha na msaidizi wake hawakuwa na mshahara, walilipwa kwa mafungu. Mauzo yanachukuliwa, yanatolewa makaa, barafu, chakula, gharama za kupakua, ndipo yanagawiwa, na fungu nene ni la mwenye meli. Safari ikiwa mbaya, nahodha anashuka gatini baada ya wiki tatu za Iceland hana kitu, au anadaiwa. Wengine walikuwa na mshahara wa wiki na kiasi kidogo juu ya kila pauni ya mauzo.

ZUHURA: Kwa hiyo nahodha ana kila sababu ya kuwakimbiza watu wake.

MBWANA: Umeona? Mwenye meli hahitaji kupanda melini na kiboko. Hesabu inamfanyia kazi. Na mwaka 1901 wenye meli wa Grimsby wakataka kupunguza ule mshahara wa wiki, mtu ategemee zaidi mauzo. Mabaharia wakakataa. Meli zikafungwa gatini miezi mitatu hivi. Mwezi wa Septemba umati ukavamia ofisi za umoja wa wenye meli, ukazivunja na kuzitia moto. Wakaletwa polisi wa nje na askari wa jeshi.

ZUHURA: Walishinda?

MBWANA: Walirudi kazini kwa njaa. Mgomo wa mvuvi ni mgumu, mke wake anakula kutokana na mauzo yaleyale. Na hao wanawake tusiwapite. Hull kuna mtaa wa Hessle Road, mtaa wa wavuvi. Wanawake wa pale walifuma nyavu, wengine kiwandani, wengine nyumbani, kwa nyuzi za manila na baadaye za katani.

ZUHURA: Mtu wa Tanga umefurahi.

MBWANA: Nimetabasamu kidogo. Na walikuwa na miiko yao: siku mume anaondoka hufui nguo, usije ukamfua naye. Humpungii mkono.

ZUHURA: Ulisema Iceland. Wenyeji walisemaje?

MBWANA: Walichukia, na walikuwa na haki. Trola zilianza kwenda kule mwaka 1891, zikaingia mpaka ndani ya ghuba ambako watu wanavua kwa mashua ndogo. Mwaka 1899, kwenye ghuba ya Dýrafjörður, mkuu wa wilaya, Hannes Hafstein, alipiga kasia na watu wake aende kuikamata trola ya Hull iitwayo Royalist. Mashua yake ikapinduliwa, watu watatu wakafa maji. Yeye akaokoka, na mwaka 1904 akawa waziri wa kwanza wa Iceland yenye serikali yake ya ndani. Kwa hiyo nikisema namhurumia baharia wa Hull, sisemi alikuwa malaika.

ZUHURA: Mwaka huohuo wa 1904 ndio Warusi?

MBWANA: Huohuo. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Oktoba. Meli za vita za Urusi zinatoka Baltiki kwenda kupigana na Japani, upande wa pili wa dunia. Zinapita Dogger Bank, watu wamejaa hofu kwamba Wajapani wamewavizia. Wanaona fataki. Ni admirali wa wavuvi anatoa ishara yake ya kawaida. Wakafyatua mizinga.

ZUHURA: Kwa wavuvi!

MBWANA: Watu wapo sitahani wanapasua samaki chini ya taa. Wengine walidhani ni mazoezi, wakasimama kutazama. Kuna walioinua samaki juu, kwenye mwanga wa kurunzi, kuonyesha kwamba sisi wavuvi. Trola Crane ikazama. Nahodha wake, George Henry Smith, na baharia William Leggett wakafa palepale. Warusi walipigana hata wenyewe kwa wenyewe, meli yao Aurora ikapigwa. Baadaye Urusi ililipa fidia ya pauni 66,000. Na msafara huo ulizunguka Afrika, ukatia nanga Nosy Be, Madagaska, mwanzoni mwa 1905, ukakaa wiki kadhaa. Kisha ukaenda kumalizwa na Wajapani katika vita vya baharini vya Tsushima.

ZUHURA: Kumbe walifika mpaka upande wetu wa bahari. Na vita vya 1914?

MBWANA: Serikali ilizichukua trola kwa mamia zikafagie mabomu ya majini. Watu wamezoea kukokota kitu chini ya maji. Safari hii kikinaswa kinalipuka. Lakini hiyo ni kipindi kizima.

ZUHURA: Ipo hata moja iliyobaki?

MBWANA: Ipo. Viola, iliundwa Beverley mwaka 1906 kwa kampuni ya Hellyer ya Hull, iliyokuwa ikiita meli zake majina ya wahusika wa Shakespeare. Ilikuwa ya zile za masanduku. Ikaenda vitani, ikauzwa Norway, ikabadilishwa jina ikawa Dias, ikaishia kuwinda sili huko South Georgia, karibu na Antaktika. Ipo Grytviken mpaka leo, imekaa ufukweni na kutu yake, na injini yake ya mvuke ndani. Wapo watu Hull wanaofanya kampeni irudishwe nyumbani.

ZUHURA: Nani atalipa nauli?

MBWANA: Wanachangisha.

ZUHURA: Basi waangalie, gharama zisije zikatolewa kwenye fungu la mabaharia.