Mpira wa milimita 100: kuiandaa gari uliyoijenga mwenyewe kwa ukaguzi

Habari za mchana jamani. Shikamooni wazee wangu wa mbele, na vijana mliosimama huko nyuma poleni, viti vimeisha. Nimeombwa nizungumzie ile gari ya kijani iliyoko nje pale, maana kila nikipita nayo watu wananiuliza ni ya kampuni gani, na jibu ni kwamba nimeijenga mwenyewe gerejini kwangu Coventry, jioni baada ya kazi na Jumapili zangu zote kwa miaka mitatu. Leo sitasema sana kuhusu kuijenga, mtu akishajua kushika spana na ana subira ataijenga tu. Nataka tuongee kuhusu kuiandaa kwa ukaguzi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama, na mimi nilikwama.

Kwanza tuelewane. Hapa Uingereza watu wanajijengea magari tangu zamani. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus, alitoa ile gari yake ndogo ya Seven mwaka 1957, na wengi waliinunua kwa vipande kwa sababu vipande vilikuwa havilipiwi ile kodi ya manunuzi iliyokuwa inatozwa kwenye gari nzima. Ilipokuja VAT mwaka 1973 mambo ya kodi yakabadilika, lakini watu walishaipenda kazi yenyewe basi wakaendelea. Ukaguzi maalum wa gari moja moja ulianza 1998 ukiitwa SVA, na 2009 ukaja huu tulionao sasa, IVA, unaofanywa na DVSA, idara ya serikali inayokagua magari. Bila kupita IVA gari yako mpya ya kujijengea hupewi namba, na bila namba hiyo ni pambo la gereji.

Yangu ilitokana na Mazda MX-5 ya zamani, bodi imeliwa na kutu lakini injini nzima, gia boksi nzima, difu nzima. Nikanunua chasisi mpya, nikahamisha roho ya ile gari kwenye mwili mwingine.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nije hapa. Mimi niliijenga gari kwanza halafu ndio nikausoma mwongozo wa ukaguzi. Mwongozo huo uko bure kwenye intaneti, unaeleza kila kitu ambacho mkaguzi ataangalia na sababu za kukufelisha, hakuna siri. Mimi nikauacha nikasema ntausoma nikimaliza. Nimemaliza, nimepaka rangi, nimeiosha, nimeanza kusoma, nikakaa chini pale pale sakafuni. Vitu ambavyo vingenichukua nusu saa wakati chasisi iko wazi kwenye stendi vilinichukua wiki nzima nikiwa nimejikunja chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, naomba kabla hujanunua hata nati moja, usome ule mwongozo mwanzo mpaka mwisho, halafu usome tena kila unapoanza sehemu mpya ya gari.

Hebu angalieni hiki nilichoshika. Ni mpira wa mbao, nimeuchonga mwenyewe, kipenyo chake milimita 100. Huu ndio uliobadilisha namna ninavyoiangalia gari. Kanuni inasema hivi: sehemu yoyote ya nje ya gari ambayo mpira wa ukubwa huu unaweza kuigusa isiwe na ukingo mkali, kona yake iwe na mviringo wa nusu kipenyo cha angalau milimita 2.5. Mbili na nusu ni kidogo sana, ni kama ubavu wa penseli nyembamba, lakini bati lililokatwa na grainda halina hata nusu milimita, ni kisu kile. Basi nikachukua huu mpira nikaupaka chaki, nikaupitisha gari nzima kuanzia pua mpaka mkia, kila mahali palipobaki chaki ndipo mpira ulipogusa, nikawa napitisha kidole hapo. Vichwa vya bolti za rolibaa, lile bomba la kukulinda gari ikipinduka, breketi za taa za mbele, mashina ya vioo vya pembeni, mikia ya vile vibano vya kukaza mipira ya maji, kona za breketi za kioo cha mbele. Gari niliyokuwa naiona laini ilijaa alama nyeupe kama mtu mwenye mba.

Mwanangu alikuwa na miaka sita, alikuja kuangalia baba anafanya nini, akaweka kiganja chake juu ya breketi ya taa ya kulia akakitelezesha. Hakulia, alinionyesha tu mkono, mstari mwembamba wa damu. Nilikaa nao ule mkono mdogo nikiufunga kitambaa nikafikiri, mimi nimekuwa nawaza ukaguzi ni mtihani wa fundi, kumbe hii milimita 2.5 imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuniona, anavuka barabara na mimi ninakuja. Kuanzia siku hiyo kazi ya faili na msasa sikuiona tena kama usumbufu.

Namna ya kurekebisha ni rahisi ila inachosha. Pale penye chuma kinene, faili halafu msasa. Pale penye bati jembamba unakunja ukingo au unavika mkanda wa raba, lakini uugandishe kwa gundi kwa sababu mkaguzi atauvuta, na ukitoka mkononi mwake umefeli. Bolti unazivika vikofia vya plastiki laini. Ndani ya gari mpira unakuwa mkubwa zaidi, milimita 165, hicho ni kipimo cha kichwa cha binadamu, na mkaguzi anaupitisha kwenye dashibodi na maeneo ambayo kichwa chako au goti la abiria linaweza kwenda gari ikigonga. Swichi zile ndefu za chuma zinazopendeza, kama za ndege, ndugu yangu ziache dukani.

Jambo la pili lililonikwamisha ni usukani. Gari nyepesi kama hii ina tabia ya kutotaka kurudi yenyewe. Mkaguzi anaiendesha polepole akizunguka, anaulegeza usukani, na usukani unatakiwa uonyeshe dalili ya kurudi katikati. Wangu ulibaki pale pale nilipouacha. Wengi wanakimbilia kuzidisha upepo kwenye matairi, na inasaidia kidogo, lakini tafuta chanzo. Kwangu vilikuwa viwili. Bushi ya shafti ya usukani ilikuwa imebana mno, nimeitoa nikaisafisha nikaipaka grisi ikawa nyepesi. Halafu kasta ilikuwa ndogo, yaani ule mlalo wa mguu wa tairi ukiuangalia kwa pembeni. Nikahamisha washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, za mkono wa juu wa sasipensheni kutoka nyuma kuja mbele, mkono ukasogea nyuma, boljointi ya juu, yaani kile kiungo kinachozunguka cha juu, ikarudi nyuma ya ile ya chini, nikaingia barabara ya shamba la rafiki yangu nikajaribu, usukani ukarudi wenyewe taratibu kama mlango wenye springi. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Breki sitazirefusha maana kila mtu hapa anajua umuhimu wake. Ziwe na njia mbili, moja ikipasuka nyingine ibaki, na za mbele zitangulie kufunga kabla ya za nyuma, vinginevyo gari inageuka. Mabomba yafungwe vizuri yasicheze, na mipira ya breki uikague usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kushoto na kulia, gari ikiwa juu ya jeki na pia ikiwa chini, uone haigusi tairi. Nati zote ziwe zile zinazojifunga zenyewe na uzi wa bolti uonekane umetokeza. Mimi kila nati niliyokaza kwa kipimo niliipiga mstari wa rangi ya njano, ikilegea mstari unakatika unaiona.

Sauti. Kiwango ni desibeli 99, kipaza sauti kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa eksozi kwa pembe ya digrii 45, injini inashikiliwa kwenye robo tatu ya mizunguko inayotoa nguvu ya juu. Injini yangu inatoa nguvu ya juu kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika kwa hiyo nilipimwa karibu na 4,900. Pima nyumbani hata kwa programu ya simu, haitakuwa sahihi sana lakini kama inakuonyesha 104 jua una kazi, ongeza sufi kwenye sailensa.

Spidomita isikudanganye kwa kupunguza, hata kidogo. Kuzidisha inaruhusiwa, asilimia 10 na juu yake maili 6.25, kwa hiyo ukiwa na maili 70 za kweli haitakiwi kusoma zaidi ya 83 na kidogo. Ipime na jipiesi ya simu, mwenzio awe ndiye anayeangalia simu. Taa ya fogi ya nyuma iwe katikati au upande wa kulia na isiwake kama taa kubwa hazijawashwa, hazadi, zile taa za kuashiria hatari, ziwake hata ufunguo ukiwa umezimwa, kifuniko cha tangi la mafuta kisiweze kupotea. Vitu vidogo hivi ndivyo vinamfelisha mtu aliyefanya kazi kubwa ya ajabu.

Mara ya kwanza nilifeli kwa mambo mawili, usukani ule niliowaambia na kona moja chini ya kioo cha pembeni. Mkaguzi aliingiza kidole akasimama, akaniita niguse na mimi. Mzee mmoja mstaarabu sana, hakunidharau, alinionyesha mahali akaniandikia kwenye karatasi. Nimerudi baada ya wiki tatu nikapita.

Na makaratasi jamani, msiyadharau. Risiti zote tunza, picha piga kila hatua, maana baada ya cheti unajaza fomu ya V627/1 unatuma DVLA, idara inayosajili magari, kule Swansea, na wao wanataka kujua kila kipande kimetoka wapi. Kama umri wa vipande haujulikani unapewa namba inayoanza na Q. Wengine wanaiona Q kama aibu, mimi siioni hivyo, lakini kama unaweza kuthibitisha gari ya asili vipande vilikotoka, thibitisha.

Nimeongea vya kutosha. Mpira nauweka hapa mezani na chaki yake, gari iko nje haijafungwa, njooni tuipitie pamoja, na ukipata mahali pakali niite.