Gari Lenye Supachaja Halikabidhiwi Kabla ya Kushuka Mlima
Mhadhara kwa mafundi wa magari, Mbeya

Wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, ndugu mafundi wenzangu, na vijana mnaojifunza, asanteni kwa kuniita. Sitaeleza kwa kirefu supachaja, ile pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, wala inavyofungwa, kwa kuwa wengi wenu mmeshazifunga. Nimekuja kwa ajili ya saa zile za mwisho, gari likiwa limeshawaka, mteja amesimama mlangoni anadai ufunguo wake, na fundi anajiambia kwamba kazi imekwisha. Haijaisha.

Pistoni hii naomba ipite mkono kwa mkono. Tazameni kati ya ringi ya kwanza na ya pili: kipande cha alumini kimemeguka, upana wake kama ukucha wa kidole cha mwisho, na kingo zake bado ni kali. Ilitoka kwenye Toyota 86 ambayo nilifunga supachaja mimi mwenyewe, injini ya lita 2 ambayo tangu kiwandani hubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 12.5, kwa hiyo haisamehe uzembe. Nililijaribu gari hilo alfajiri mbili mfululizo kati ya Uyole na Inyala. Injini haikugonga kwa ndani, haikuchemsha, na nilipokanyaga mafuta mpaka mwisho geji ilisoma sehemu 11.8 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, mahali hasa tunapotaka isome. Nikampa mwenyewe ufunguo. Jumamosi akashuka Kyela kwenye msiba, na wakati wa kurudi, akiupanda mlima wa kuelekea Tukuyu, akanipigia simu: "Fundi, huku nyuma ni moshi wa bluu mtupu."

Kosa lilikuwa langu, na naomba tulifuate kwa hesabu. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 82. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, iko kwenye mita 500 hivi, na presha yake ni kama kilopaskali 95. Supachaja inayozungushwa na mkanda haina kipimo kimoja cha hewa inachokiongeza kila mahali. Huizidisha ile hewa inayoikuta. Ikikuta hewa yenye presha kubwa zaidi kwa asilimia 16, itaisukumia injini hewa zaidi kwa kadiri hiyohiyo, na joto la Kyela likishapunguza kidogo, inabaki nyongeza ya asilimia 12 au karibu na hapo. Sasa nozeli zangu, zile zinazoinyunyizia injini petroli, hapa Mbeya, mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, zilikuwa wazi kwa asilimia 90 ya muda wake. Izidisheni hiyo 90 kwa 1.12, mtaona kwamba kule chini zilitakiwa kufunguka kwa zaidi ya asilimia 100, jambo lisilowezekana. Hewa ikazidi, petroli ikapungua, joto ndani ya silinda likapanda, mchanganyiko ukaanza kulipuka wenyewe bila kungoja mpangilio wa plagi, na pistoni ikameguka.

Mtaniambia kwamba kompyuta ya gari hujirekebisha, maana ina kihisi cha presha ya hewa. Ni kweli inacho, na huenda ikajua kabla yenu kwamba petroli haitoshi, lakini kujua kwake hakuipanui nozeli wala hakuiongezei pampu nguvu. Wengine watasema mteja wao haendi mbali, anazunguka hapa mjini, Mwanjelwa na Mafiati tu. Ndugu zangu, mtu aliyenunua gari la kasi, akaongeza na supachaja, na barabara kuu inapita karibu na nyumbani kwake, atalishusha mlima wa Kitonga siku moja, na atafika Dar es Salaam ambako presha ya hewa inaizidi ya kwetu kwa zaidi ya asilimia 20. Wengine watasema wameshafunga nyingi na hakuna gari lililorudi. Hata mimi, kabla ya hilo, halikuwahi kurudi hata moja.

Kwa hiyo hapa Mbeya, gari likiwa limekanyagwa hadi mwisho na injini iko kwenye mizunguko ya juu kabisa, nozeli zisiwe wazi kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda wake. Zikizidi, badilisha nozeli na pampu, au funga puli kubwa zaidi kwenye supachaja ili izunguke taratibu, na umweleze mteja waziwazi kwamba nguvu itapungua. Kisha shuka naye Kyela, ukae kiti cha abiria na kompyuta mapajani, muupande ule mlima kwa gia ya tatu huku ukisoma mchanganyiko. Petroli ya safari hiyo iandike kwenye bei tangu siku ya makubaliano, kama unavyoandika oili.

Mengine nayapitia haraka, muda unakwisha. Mkanda upime kwa rula ya chuma iliyonyooka kwenye nyuso za puli, kwa kuwa ukikaa upande kidogo tu utaanza kulia na kumwaga vumbi jeusi. Injini ikishapata moto na kupoa kabisa, kagua upya klipu zote za mipira na boliti za supachaja, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha aliyeitengeneza. Kuhusu nafasi iliyopo chini ya boneti, tandika nailoni juu ya supachaja, weka madonge ya udongo laini kama ule ambao Wakisi wa Matema hufinyangia vyungu, funga boneti taratibu, ifungue, kisha pima unene wa udongo uliobaki, ukikumbuka kwamba injini hutikisika. Breki na klachi nilikuwa nimezipangia maelezo marefu, lakini leo naziacha.

Plagi siwezi kuziacha. Mkirudi kutoka Kyela, injini ipoe, fungua zote nne, zipange mezani kwa mfuatano wa silinda, na uitazame kauri yake nyeupe juani kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vidogo mithili ya pilipili manga iliyosagwa, hiyo ni alumini ya pistoni iliyoanza kuliwa, na ufunguo hautoki mkononi mwako. Plagi za gari lile nimezileta, na ile ya silinda ya nne inavyo vidoti hivyo. Sogeeni hapa dirishani mzione.