Mshipa wa Moyo Si Bomba

Ndugu zangu, wengi wetu tumeelezwa kwamba mshipa wa moyo huziba kama bomba: mafuta yanajikusanya, njia inafinyika, damu inakwama. Maelezo hayo yanatupotosha. Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ni hai, na seli zake hupelekeana habari usiku na mchana.

Twendeni New York, kwenye maabara ya mwanasayansi Robert Furchgott. Alikata vipande vya ateri kuu ya sungura, akavitundika kwenye maji ya chumvi, akadondoshea asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe. Kipande kilichokwanguliwa tabaka la ndani kilijikaza. Chenye tabaka zima kililegea. Akakilaza kile kilichokwanguliwa juu ya kizima, uso kwa uso, nacho kikalegea. Kumbe kuna kitu kinatoka seli hizi kwenda zile! Aliyachapisha hayo mwaka 1980. Baadaye ikajulikana kuwa kitu hicho ni gesi, nitriki oksidi, na mwaka 1998 yeye na wanasayansi wenzake Ignarro na Murad wakatunukiwa Nobel.

Sigara, kisukari na presha hudhoofisha ujumbe huo wa kulegeza. Kolesteroli mbaya nayo ikipenya ukutani na kuharibika, tabaka la ndani huanza kuita: huotesha vishikizo usoni pake na kumwaga kemikali zinazovuta seli nyeupe za damu. Hizo huingia, hula mafuta hadi zikafura, nazo huita nyingine. Seli za misuli ya ukuta huitika, huhama na kuzaana. Zote zimekuja kuponya. Tatizo ni mwito usiokoma.

Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Baadhi yao walichomwa sindano ya kuzuia ujumbe mmoja tu, interlukini-1 beta, mojawapo ya kemikali ambazo seli huitana kwazo. Kolesteroli haikushuka. Hata hivyo, kwa waliopewa miligramu 150 kila miezi mitatu, mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo na mishipa, kwa ujumla wake, vilipungua kwa asilimia 15. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko wote. Lakini vifo vitokanavyo na maambukizi viliongezeka, maana ujumbe huohuo ndio unaotukinga na vijidudu. Ndiyo maana nafuatilia kwa hamu kolchisini, dawa kongwe ya jongo ambayo nayo hutuliza mwito huo, na ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2023 kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo: kidonge cha nusu miligramu kwa siku.