Sifa Ambayo Hatupaswi Kuipokea

Mhadhara kwa familia zilizohamia Atlanta karibuni, Clarkston, Georgia

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asalaam aleikum kwa ndugu Waislamu, na Bwana asifiwe kwa Wakristo. Naona humu watu wa Uvira na Fizi, naona Warundi waliolelewa kambini Nyarugusu, naona Wakenya na Watanzania wenzangu waliokuja kwa viza ya masomo au kwa bahati nasibu ya grini kadi. Njia zetu ni tofauti, lakini fomu za hapa tutajaza zilezile, na kwenye swali la rangi sote tutawekwa kwenye kisanduku kimoja. Hicho kisanduku ndicho nilichoombwa kukizungumzia.

Mambo ya kodi ya nyumba, kadi ya hospitali na shule mmeshaelezwa na waliowapokea. Mimi nataka tukae na maneno ambayo mtaambiwa mapema sana, pengine mwezi wa kwanza tu kazini. Atakuja mtu, mara nyingi mzungu, mara nyingi mwenye nia njema kabisa, akuambie: nyinyi Waafrika ni wachapakazi, mna adabu, mnathamini familia, si kama weusi wa hapa. Nafanya kazi ya ukalimani, maneno hayo nimeyatafsiri mara nyingi kuliko ninavyopenda. Na nimeona jinsi ndugu zetu wanavyoyapokea. Mtu kafika juzi, Kiingereza hakijakaa sawa, anaamka saa tisa usiku kupanda gari la kwenda kiwanda cha kuku Gainesville, halafu bosi anamsifu. Anafurahi, nani asingefurahi? Baada ya mwaka unamsikia naye anayasema hayo hayo sebuleni kwake, mbele ya watoto: sisi si kama wao.

Naomba tuyakatae. Ili mwone kwa nini, lazima niwaeleze mji huu, kwa sababu Atlanta hausomeki kwa macho tu.

Chukua barabara inayoitwa Ponce de Leon. Ukitoka kusini na barabara ya Moreland, ukivuka Ponce jina linageuka, inakuwa Briarcliff. Barabara iitwayo Boulevard nayo inageuka Monroe. Barabara ni ileile, lami ileile. Sababu inayotajwa na wenyeji ni kwamba wazungu wa upande wa kaskazini hawakutaka anwani moja na weusi wa kusini. Mwaka 1962, daktari mmoja mweusi alipotaka kununua nyumba mtaa wa wazungu huko Cascade Heights, meya Ivan Allen Jr. aliweka vizuizi vya mbao na chuma kuifunga barabara ya Peyton. Vilikaa kuanzia Desemba hadi mahakama ilipoamuru viondolewe, Machi 1, 1963. Jiji hilohilo lilikuwa likijitangaza kwamba lina shughuli nyingi mno, halina muda wa kuchukiana.

Na treni yetu ya MARTA: mmeshajiuliza kwa nini inaishia Indian Creek, kwa nini mwenye kazi kaunti jirani ya Gwinnett hana treni? Kaunti ya Cobb waliukataa mpango wa MARTA kwa kura mwaka 1965. Kaunti za Clayton na Gwinnett wakaukataa mwaka 1971. Hoja zilikuwa nyingi, kodi ikiwemo, lakini wanahistoria wa jiji hawafichi kwamba hofu ya weusi kufika vitongojini ilikuwa katikati ya mambo. Clayton ilikuja kukubali mwaka 2014. Kwa hiyo mama anayemlipa mtu dola kumi kila asubuhi amfikishe kazini analipia hofu ya watu waliopiga kura kabla hajazaliwa.

Sasa, nikisimulia haya wengine hunijibu kwamba huo ni ugomvi wa Wamarekani, sisi ubaguzi wa rangi hatuujui. Wazee wangu, hivi kweli? Dar es Salaam aliyokulia babu yangu ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, imepimwa na kuchorwa na serikali ya kikoloni. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Nyanda bora za Kenya zilitengwa kwa walowezi, na mwenye shamba lake la asili akavishwa shingoni kipande, kile kitambulisho cha lazima. Watu wa Lubumbashi waliomo humu watuambie kwao mji wa wazungu uliishia wapi na cité, mji wa weusi, ilianzia wapi. Babu yangu alikuwa na wajukuu na bado anaitwa boi na mke wa bwana shamba mwenye umri wa binti yake. Tulichobahatika ni kwamba wale waliondoka na bendera yao. Hapa walibaki wote kwenye ardhi moja.

Waliotutangulia waliliona hilo. Mei 1959 Tom Mboya alikuja Atlanta, na Martin Luther King ndiye aliyekuwa mwenyeji wake kwenye chakula cha jioni kilichoandaliwa kwa ajili ya uhuru wa Afrika. Kisha Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alifika hapa akiwa waziri. Vijana wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi iliyokuwa chini ya John Lewis, wakamfuata hotelini kumsalimu na kumwimbia. Walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa. Wakakataliwa kwa sababu ya rangi, wakakaa chini, wakakamatwa. Fikirini: vijana wametoka kumpongeza waziri mweusi wa nchi huru, na hatua chache kutoka mlangoni kwake hawaruhusiwi kununua kikombe cha kahawa. Hiyo kahawa mnayokunywa leo popote mnapotaka ina gharama yake, na walioilipa wengine bado wako hai, wanaishi mitaa hii.

Hata viza zetu. Sheria ya uhamiaji ya 1924 iligawa nafasi kwa asili ya taifa, wingi wa nafasi ukaenda kaskazini mwa Ulaya, na Afrika ikaachiwa makombo. Mfumo huo ulivunjwa mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya sheria ya haki za raia, na mwaka uleule wa sheria ya haki ya kupiga kura. Si bahati. Baada ya watu kupigwa virungu na kuumwa na mbwa wa polisi, ilikuwa vigumu kwa nchi hii kuendelea kuchagua wageni kwa rangi waziwazi. Nanyi mliokuja kama wakimbizi mmekuja kwa sheria ya 1980, iliyotiwa saini na Jimmy Carter, mtu wa Georgia hii hii. Nalitaja hilo makusudi, msije mkatoka humu mkidhani nawafundisha kuwachukia wazungu. Vitanda mlivyolalia usiku wa kwanza, wengi mliletewa na makanisa ya wazungu. Shukuruni, na shukrani hiyo isiwe bei ya kumdharau jirani.

Tena sifa yenyewe haina kinga. Februari 23, 2020, karibu na Brunswick, pwani ya jimbo letu, kijana wa miaka 25, Ahmaud Arbery, alikuwa anakimbia mtaani. Wanaume watatu weupe wakamfukuza kwa magari, mmoja akampiga risasi, akafa. Hakuna aliyemuuliza babu yake alizaliwa wapi. Angekuwa kijana wa Bukavu, au wa Moshi, wangemfukuza vilevile. Sheria ya 1863 iliyowapa raia uhuru wa kumkamata mtu hivi hivi ilifutwa mwaka uliofuata, kwa sababu mama yake na majirani zake weusi hawakunyamaza. Na kufutwa kwake kunawalinda wanao.

Hapa niseme la vitendo. Kwetu trafiki akikusimamisha unashuka, unamsalimu, mnaelewana. Hapa usishuke mpaka askari mwenyewe akuambie ushuke. Zima injini, kama ni usiku washa taa ya ndani, weka mikono juu ya usukani, na kabla hujapeleka mkono mfukoni kuchukua leseni, sema kwanza unachotaka kufanya. Wafundisheni vijana wenu hivyo wiki hii. Mwalimu wangu wa jambo hili alikuwa jirani yangu, mzee mweusi wa hapa, aliyenikalisha barazani kwake kama anavyowakalisha wanawe.

Kuhusu mzee kama huyo: msimwite jina lake la kwanza kavukavu. Kusini hii ya Marekani, kwa vizazi, mzungu hakumpa mtu mweusi cheo cha Bwana wala Bibi, hata akiwa na mvi. Mwaka 1963 mwanaharakati mweusi, Mary Hamilton, alisimama mahakamani Alabama akaitwa Mary tu, akakataa kujibu mpaka aitwe Miss Hamilton. Akahukumiwa siku tano jela na faini ya dola 50. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1964 akashinda. Nyinyi mliolelewa kwa shikamoo hamhitaji kufundishwa heshima, mnahitaji tu kujua kwamba hapa ina kovu. Anza na Mister, anza na Miss, utafunguliwa mlango.

Najua lililo moyoni mwa wazazi wengi: watoto wetu wanachekwa shuleni na watoto weusi wenzao, wanaambiwa wananuka, wanaambiwa warudi msituni. Inauma, nimeliona kwa mwanangu. Lakini mtoto yule ameijua Afrika kupitia televisheni ileile iliyotufundisha sisi, huko Kigoma na Goma, kwamba mweusi wa Marekani ni jambazi. Tulitambulishwa na mtu wa tatu. Basi mwaliko wa chakula, mtoto kwa mtoto, mama kwa mama, umefanya kazi zaidi ya barua zote nilizowahi kumwandikia mwalimu mkuu.

Jumamosi ijayo tunakwenda Auburn Avenue, penye nyumba alimozaliwa King mwaka 1929 na kanisa la Ebenezer alilohubiri. Tutakutana kituo cha Kensington saa nne asubuhi, tutapanda treni ya bluu hadi King Memorial, kisha kwa miguu. Majirani wawili waliokulia mtaa ule wamekubali kututembeza. Leteni watoto na maji ya kunywa. Sasa maswali. Mama wa kitambaa cha kijani ameinua mkono tangu nilipotaja shule, tuanze naye.