Kabla Kesi Haijafika Polisi: maongezi na wazazi na viongozi wa vijiji, Busia, Uganda

Asanteni, kaeni, kaeni. Chemani, mwenyekiti wa kijiji, kanipa nusu saa na mimi namjua, ataanza kuangalia saa kabla salamu hazijaisha, kwa hiyo haki za mtoto ni nini na nini hayo naruka, mmeyasikia kwenye redio mpaka mnaweza kuyaimba. Nimekuja na jambo langu lile lile, wengine mmeshachoka nalo, sawa chokeni, mimi nalisema tena: mtoto anayeumizwa nyumbani mara nyingi yuko mikononi mwa mtu mzima ambaye alishalemewa zamani, na wa kwanza kujua ni nyinyi mnaoishi naye ukuta mmoja. Polisi anajua mwisho kabisa.

Kuna mama mmoja alikuwa anauza mukene, dagaa wa ziwani, hapa sokoni, mzigo anaufuata Majanji kule ufukweni. Mume alienda Juba na malori, mwanzo pesa zilikuja kwa simu, halafu zikapungua, halafu simu yenyewe ikawa haipatikani. Watoto wanne. Huyu mama alikuwa kwenye kikundi cha kuweka akiba, hivi vikundi vyetu vya sanduku la kufuli tatu, kila wiki unanunua hisa unagongewa muhuri kwenye kitabu chako. Hicho kitabu nilikishika mwenyewe. Kurasa za kwanza mihuri mitano mitano, halafu mitatu, halafu mmoja, halafu ukurasa mtupu. Na pembeni ya huo ukurasa mtupu kuna nini? Faini! Faini ya kuchelewa, faini ya kukosa kikao, faini ya simu kulia mkutanoni, zote kwa kalamu nyekundu, mwandiko mzuri sana, mstari umenyooka. Kikundi kizima kimekaa kinahesabu faini na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, dada, siku hizi unalala?

Maana alikuwa halali. Jirani yake alinieleza baadaye, eti saa nane za usiku anamsikia anafagia uani. Nikamuuliza ukafanya nini? Akasema nikageukia upande wa pili nikalala, mambo ya nyumba ya mtu hayo. Mchana anakaa mbele ya mukene, mteja anauliza bei mara mbili hajibiwi. Watu wakasema karogwa, wengine wakasema ana maringo siku hizi, tena mchana kweupe na yeye anasikia. Mpaka siku binti yake wa miaka tisa alipotumwa dukani akapoteza elfu tano, mama akamchoma mkono kwa kisu cha moto. Banange, hapo ndio kijiji kikaamka! Vijana wa steji ya bodaboda wakamzingira wanataka kumpiga, mwingine anarekodi na simu, na wale wa kalamu nyekundu wako mbele kabisa wanapiga kelele, huyu mama gani huyu.

Sasa msije mkatoka hapa mkasema nimemtetea. Kile kidonda kilikuwa kibaya, ni kesi na ilienda kama kesi, mtoto akatibiwa akakaa kwa jajja, bibi yake. Ninachosema ni kwamba kitabu kilikuwa kimeshatuambia miezi mingi kabla, na kila wiki mtu alikifungua, akakigonga, akakifunga.

Mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema mzee wangu, eti hayo mambo ya wazungu, sisi tulipigwa na tukakua. Shikamoo kwanza. Haya, serikali yetu wenyewe, wizara ya mambo ya jinsia, mwaka 2015 iliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 habari za utoto wao, na matokeo yakatoka 2018: wavulana 68 kwa kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa mwili, wasichana 59, na wasichana 35 kwa kila 100 walifanyiwa ukatili wa kingono. Tulikua, ndio, lakini nani alikwambia tulikua salama? Nenda jioni pale kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, kaa kimya na mrija wako, usikilize wenzako wakishalewa kidogo wanasema nini juu ya baba zao. Utanirudia.

Halafu kuna wale wa kusema, kuongea tu kutasaidia nini, huyu mama anahitaji pesa. Pesa anahitaji, nani kakataa? Lakini kule Masaka na Rakai zaidi ya miaka 20 iliyopita walifanya utafiti, watu wenye huzuni nzito wakakaa kwenye vikundi vijijini mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanaowaongoza ni watu wa huko huko waliofundishwa, hakuna daktari hapo, na waliokaa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokaa. Wiki 16! Na sisi tayari tunakutana kila wiki kwa ajili ya sanduku, mwaka mzima, viti vipo, mti upo. Sijasema kikundi cha akiba kitakuwa hospitali. Nasema robo saa kabla kufuli hazijafunguliwa, asiyeweka hisa wiki tatu mfululizo aulizwe hali yake kabla ya kutozwa faini, tena aulizwe pembeni na mtu mmoja anayemwamini, msimsimamishe mbele ya watu kama mwizi. Akiwa na hali mbaya, haongei, hali chakula, anataja kufa, hapo mwacheni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, ampeleke kituo cha afya, na hospitali ya rufaa ya Mbale ina wahudumu wa akili, si lazima mtu apelekwe Butabika, hospitali ya akili kule Kampala, kwa kamba.

Chemani nimeiona saa yako, naharakisha.

La kwanza, makamu wa chemani wa LC1, yaani baraza la kijiji, kila kijiji, kwa sheria ndiye anayeshughulikia watoto. Wangapi mlijua? Yeye mwenyewe alijua? Kuna kijiji sitakitaja, makamu kaniambia kazi yake ni kukaimu chemani akisafiri. Na kumsikiliza mtoto hakuna pesa ya muhuri, anayeiomba anakula tu.

La pili, mtoto akinajisiwa, hakuna kukaa chini ya mwembe wazee wawili na mbuzi. LC1 haina mamlaka ya kuhukumu kesi hiyo, hata mkiandikiana karatasi kumi. Mtoto msimwogeshe, nguo msizifue, afike hospitali ndani ya saa 72 maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi baada ya hapo haisaidii. Hospitali kwanza, karatasi za polisi zitafuata, msikubali kurudishwa mlangoni kwa sababu ya fomu.

Namba ya simu ya kuripoti mtoto anayeumizwa ni 116, bure, mitandao yote. Ukiogopa kujulikana usiseme jina lako.

Nilitaka kuongea na akina baba peke yao, na habari za watoto waliokaa nyumbani tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022 shule zikiwa zimefungwa, zote au nusu nusu, wengine wao leo ni wazazi na wanalea bila kujua walichopitia, lakini muda umeisha, mtaniita tena. Waweka hazina wa vikundi msiondoke, nataka kuona vitabu vyenu. Haya maswali, ila la posho ya kikao mwulizeni chemani.