Jinsi ya Kuihamisha Familia Kutoka Mkate Mweupe Hadi Vyakula Visivyokobolewa

Kabla hujagusa unga, chukua mfuko wa mkate mnaokula sasa hivi nyumbani. Kama umeshautupa, simamisha video hadi upate mwingine, kwa sababu hatua ya kwanza ipo kwenye maandishi madogo ya nyuma.

Upande wa mbele uache. Huko kuna picha ya masuke na maneno matamu. Geuza mfuko, tafuta orodha ya viambato. Viambato hupangwa kwa uzito: kilichotumika kwa wingi ndicho kinachotangulia. Kikitangulia "unga wa ngano" bila neno "nzima" au "isiyokobolewa", huo ni unga mweupe, hata kama mkate wenyewe ni wa kahawia. Rangi hiyo inaweza kuwa ya sukari iliyounguzwa tu. "Nafaka mchanganyiko" nayo isikuzubaishe, maana nafaka saba zinaweza kuwemo na zote saba zikawa zimekobolewa.

Sasa shuka kwenye jedwali la virutubisho, kwenye mstari wa nyuzinyuzi kwa kila gramu 100. Gramu 6 na zaidi, huo ni mkate wa maana. Kati ya 3 na 6, unafaa kwa safari ya kuhama. Chini ya 3, uhesabu kuwa mweupe, uitwe jina lolote. Angalia na chumvi. Ikifika gramu 1.5 kwa gramu 100, ni nyingi. Kama wameandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe.

Kwa nini tunashikilia nyuzinyuzi? Punje ya ngano ina ganda la pumba, ina kiinitete kinachochipua, na katikati ina wanga, ambao ni kama asilimia 83 ya punje. Kukoboa huondoa pumba na kiinitete, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi, madini, vitamini za kundi B na mafuta mazuri. Gramu 100 za unga mweupe zina takriban gramu 3 za nyuzinyuzi, za unga wa ngano nzima zina 10 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtu mzima na mtoto wa kuanzia miaka 10 wapate angalau gramu 25 kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate 21, na wa miaka 2 hadi 5 apate 15. Familia inayoishi kwa mkate mweupe itafika huko kwa shida sana.

Basi tuingie jikoni. Kosa linaloharibu mpango huu katika nyumba nyingi ni kubadilisha siku moja: leo mweupe, kesho mweusi na mzito kama tofali. Watoto wanasusa, matumbo yanajaa gesi, na wiki haijaisha mkate mweupe umerudi mezani. Sisi tutabadilisha uwiano wa unga kidogo kidogo, mkate uleule, chombo kilekile, umbo lilelile.

Mizani ni lazima. Vikombe vitakudanganya, kwa sababu unga wa ngano nzima hujazana tofauti na mweupe. Vipimo vya mkate mmoja ni hivi: unga gramu 500 kwa jumla, hamira ya papo hapo gramu 7, chumvi gramu 8, mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula. Vinavyobadilika ni mchanganyiko wa unga na maji.

Ngazi ya kwanza: unga mweupe gramu 375, wa ngano nzima 125, maji mililita 325. Ngazi ya pili: nusu kwa nusu, 250 na 250, maji 350. Ya tatu: mweupe 125, ngano nzima 375, maji 375. Ya nne: ngano nzima tupu gramu 500, maji 400. Umeona mwendo wake? Kila gramu 125 za unga mweupe zikitoka, maji yanaongezeka mililita 25, kwa kuwa pumba hunywa maji mengi. Ukibaki na maji ya mkate mweupe, utapata mkate mkavu unaomeguka, kisha utaulaumu unga bure.

Kaa kwenye kila ngazi wiki mbili hivi. Ikiwa kuna mtu bado anajaa tumbo au mtoto bado anaacha vipande, kaa wiki nyingine. Na kama familia itatulia kwenye ngazi ya tatu, iache hapo. Mkate wa robo tatu unaoliwa wote una faida kuliko wa ngano tupu unaokauka kabatini.

Tunaonyesha ngazi ya pili. Weka gramu 250 za unga wa ngano nzima kwenye bakuli, mimina maji yote mililita 350, yawe ya uvuguvugu, koroga mpaka pasiwe na unga mkavu. Itakuwa kama uji mzito. Funika, acha dakika 30. Hatua hii usiiruke. Vipande vya pumba vikiwa vikavu vina makali, vinakata nyuzi za gluteni, yaani protini ya ngano, zinazobeba mkate wakati wa kuumuka. Vikilowa vinalainika, na ule ukakasi mdomoni unapungua.

Baada ya dakika 30 ongeza unga mweupe, hamira, chumvi na mafuta. Kanda dakika 8 hadi 10. Mwanzoni donge litanata mkononi. Usiongeze unga! Lowesha mkono kwa maji au upake mafuta kidogo, endelea. Kwenye dakika ya sita hivi utaona donge linaanza kujishika na kuachia bakuli. Kama bado ni gumu, linyunyizie maji kijiko kimoja cha chakula kwa wakati. Unga wa kila kiwanda hunywa kwa namna yake.

Funika, weka mahali pa joto la kawaida la chumba, nyuzi 24 hadi 27, kwa saa moja au saa moja na robo. Usingoje likue mara mbili kama mkate mweupe. Likiongezeka kwa nusu ya ukubwa wake na kidogo zaidi, linatosha. Litoe hewa kwa kulibonyeza taratibu, likunje mara tatu kama barua, livingirishe, uliweke kwenye chombo kilichopakwa mafuta, cha urefu wa sentimita 23 na upana 13 hivi, mshono ukiwa chini.

Acha liumuke tena dakika 35 hadi 45. Hapa ndipo mikate mingi ya ngano nzima inapokufa. Bonyeza pembeni kwa kidole kilicholowa: shimo likirudi polepole na kubakisha alama ndogo, ingiza kwenye oveni mara moja. Likirudi haraka, ongeza dakika 10. Lisiporudi kabisa, umechelewa, na mkate utabonyea katikati ukiwa ndani ya oveni, maana kuta zake zimetanuka kupita uwezo wake. Kadiri unavyopanda ngazi ndivyo unavyopaswa kuwahi. Mkate wa ngano tupu uingie oveni ukiwa umepita ukingo wa chombo kwa sentimita moja tu.

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 220. Oka dakika 10, punguza hadi 190, endelea dakika 25 hadi 30. Ukiwa na kipimajoto cha chakula, katikati isome nyuzi 95. Huna? Utoe kwenye chombo, ugonge chini kwa vidole. Ukilia kama ngoma umeiva, ukilia kwa uzito urudishe dakika 5 bila chombo.

Na sasa kazi ngumu kuliko zote: usiukate. Uache kwenye waya saa moja hadi mbili. Ukikatwa ukiwa moto, ndani hugandana kama ugoro uliolowa, na mtu wa kwanza kuonja atatangaza kwamba mkate haujaiva. Ukipoa, kata vipande 16. Kwenye ngazi hii kila kipande kina kama gramu 2 za nyuzinyuzi, wakati kipande cha mkate wa unga mweupe mtupu hakifiki gramu 1. Vya siku mbili acha nje, vingine weka kwenye friza vikiwa vimeshakatwa. Vinatolewa kimoja kimoja na kuchomwa moja kwa moja.

Wakilalamika kuwa ni mchungu, kwanza nusa unga wako. Ukinuka kama mafuta ya zamani, umeharibika, utupe. Ukiwa mzima, badilisha mililita 50 za maji kwa juisi ya chungwa. Haitasikika ladha ya chungwa, ila uchungu wa pumba utafifia. Kijiko kimoja cha asali nacho husaidia, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kitu chenye asali hata kikiwa kimeokwa.

Kwa asiyeoka, mpango ni uleule kwa njia nyingine: tengeneza sandwichi ya kipande kimoja cheupe na kimoja cha ngano nzima, cheupe juu. Baada ya wiki mbili geuza. Kuuchoma mkate huficha tofauti ya ulaini, kwa hiyo anza na mkate wa kuchoma. Na usitoe hotuba mezani kuhusu afya. Mtoto akishaambiwa kitu kina faida, tayari ameanza kukishuku. Mpe kipande kidogo, akikataa kiondoe bila ugomvi, kirudishe siku nyingine. Huenda akahitaji kukiona mara kumi au zaidi kabla hajakizoea.

Lakini mkate wa ngano nzima bado ni mkate, na tunataka familia ihamie pia kwenye chakula kizima kisichopita kinuni. Chagua asubuhi mbili za wiki ambazo mkate hauji mezani kabisa. Panga usiku wake, kwa sababu asubuhi yenye haraka hushindwa na chochote kilichoko tayari kwenye mfuko.

Asubuhi ya kwanza, oti. Kwa kila mtu mzima weka gramu 50 za oti zilizobanwa, zile bapa zisizo na sukari wala ladha za kutengenezwa, na maziwa au maji mililita 150. Funika, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ongeza tunda lililokatwa na kijiko cha karanga zilizosagwa. Tunda, si juisi: ukikamua, nyuzinyuzi nyingi zinabaki kwenye kichujio.

Asubuhi ya pili, viazi vitamu na mayai. Chemsha viazi na maganda yake, vioshwe vizuri, dakika 20 hadi 30 kulingana na ukubwa. Kuchemsha kunapandisha sukari ya damu taratibu kuliko kuoka. Mayai dakika 9 hadi 10 tangu maji yachemke.

Maharage ni hazina ya siku yoyote. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, weka mapya. Maharage mekundu lazima yachemke kwa moto mkali, yakitokota kweli, angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yana sumu ya asili inayoleta kutapika, na moto mdogo pekee hauivunji. Yakiiva na kulainika, gawa kwenye vyombo vidogo uyagandishe. Ukisaga gramu 250 za maharage yaliyoiva pamoja na vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, limau na chumvi kidogo, umepata kitu cha kupaka mkate badala ya jemu.

Katika wiki za mwanzo ongeza maji ya kunywa. Nyuzinyuzi bila maji hukaza choo badala ya kukilainisha. Gesi kidogo ni kawaida na hupungua tumbo likizoea. Maumivu makali, kuhara kusikokoma au damu kwenye choo si kawaida, nenda hospitali.

Wapo ambao hawafuati video hii kama ilivyo. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye mwili wake hauvumilii gluteni, hali ngano kabisa, iwe nzima au iliyokobolewa. Anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari azungumze na daktari kwanza na apime mara kwa mara, kwa sababu chakula kikibadilika huenda dozi nayo ikahitaji kubadilika. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kuhusu potasiamu na fosforasi, ambazo zimo kwa wingi zaidi kwenye nafaka nzima. Mtoto wa chini ya miaka miwili asijazwe pumba: tumbo lake dogo hushiba kabla hajapata nguvu anayohitaji.

Mwisho ni kuhifadhi unga. Mafuta ya kiinitete ndiyo yanayouharibu, kwa hiyo usinunue gunia. Kabatini, kwenye chombo kisichopitisha hewa, utumie ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu, na penye joto kali iwe mapema zaidi. Kwenye friza unafika miezi sita. Andika tarehe kwenye kifuniko siku unapoufungua, na ukiutoa kwenye friza uache upate joto la chumba kabla ya kuukanda, la sivyo hamira itazubaa na saa zote tulizozitaja zitarefuka.