Kusi, Kaskazi na Mapigo ya Moyo: Anayeanza Baiskeli Atajuaje Kama Anaendelea?

Assalaam aleikum, na habari za jioni. Shikamooni wazee wangu.

Nimefurahi kuona viti vimejaa. Nje nimeona baiskeli zimeegeshwa mpaka chini ya mwembe, Phoenix za karia na zile nyembamba za gia, zote pamoja. Hapa Tanga baiskeli si kitu kigeni. Wengi wetu tulibebwa na baba zetu kwenye karia kwenda shule. Jipya ni mtu mzima kuamka alfajiri akapanda baiskeli na asiwe na pa kwenda, anatafuta afya tu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 48, nilianza mwaka jana mwezi wa kwanza. Nimeombwa nieleze jinsi mtu anayeanza anavyoweza kujua kama mwili wake unasonga mbele au umekaa pale pale.

Nianze na siku niliyotaka kuacha.

Mwezi wa pili nilitoka hapa mjini mpaka Tongoni, kwa njia ya Pangani, kuelekea kusini, karibu kilomita 20. Dakika 64. Nikaandika kwenye daftari, nikafurahi. Nikaendelea na mazoezi siku tatu kwa wiki, masika ikanikatiza, nikarudi tena barabarani. Mwezi wa saba nikasema sasa nijipime. Baiskeli ile ile, njia ile ile, usingizi nimelala, maji nimekunywa. Dakika 79! Nilikaa chini karibu na magofu ya Tongoni, saa mkononi, machozi yananilenga. Miezi mitano ya kuamka gizani, halafu nimerudi nyuma kwa robo saa nzima.

Niliporudi nikapita kwa fundi wangu pale Ngamiani, anirekebishie breki. Nikamweleza. Hata hakuinua kichwa. Akasema, "Dada, mwezi wa pili ilikuwa kaskazi, ulisukumwa. Sasa ni kusi, unaipasua kwa kifua. Waulize wenye ngalawa kama wanafika Pangani kwa saa zile zile mwaka mzima."

Ndugu zangu, nimezaliwa pwani. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, na kusi, utokao kusini, nimezisikia tangu sijajua kusoma. Lakini saa ya mkononi ilinisahaulisha upepo.

Nataka tukae hapa kwenye upepo kidogo, kwa sababu wengi wanaacha baiskeli kwa kosa hili. Ukiendesha kwenye tambarare kama yetu, kazi kubwa ya miguu yako ni kusukuma hewa. Na hewa haikuzuii kwa kipimo kimoja. Ukizidisha mwendo mara mbili, inakuzuia mara nne, na nguvu unayohitaji kuishinda ni mara nane. Kwa hiyo kusi ya wastani tu inakula mazoezi yako ya miezi mitatu, na kaskazi ikiwa mgongoni inakupa sifa ambayo si yako.

Mtu ataniambia, basi nitapima kwenda na kurudi, upepo utajilipa wenyewe. Haujilipi. Tufanye hesabu. Siku ya shwari unakwenda kilomita 20 kwa saa: kwenda Tongoni saa moja, kurudi saa moja, jumla saa mbili. Siku ya upepo unakwenda kwa 15 na unarudi kwa 25. Ukijumlisha hizo mbili ukagawanya unapata 20, unadhani ni sawa. Lakini kwenda umetumia saa moja na dakika 20, kurudi dakika 48. Jumla saa mbili na dakika nane. Dakika nane zimekwenda na upepo, kwa sababu ule upande wa taabu umekaa muda mrefu kuliko upande wa raha.

Hata mabingwa wanalijua hili. Kuna rekodi ya dunia ya kuendesha baiskeli kwa saa moja. Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda kuitafuta Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Alipata kilomita 49.431. Mwaka 2022 Filippo Ganna wa Italia alifika 56.792, ndani ya uwanja uliofunikwa, hakuna upepo hata wa kupeperusha karatasi. Watu hao wanachagua mpaka hewa ya kupitia. Wewe wa barabara ya Pangani utalinganishaje mwezi wa pili na mwezi wa saba kwa saa peke yake?

Kwa hiyo ninalowaambia ni hili: anayeanza asipime mwendo, apime mwendo huo unamgharimu nini. Na gharama inasomwa kwenye moyo na kwenye pumzi.

Nirudi kwenye daftari langu. Siku ile ya mwezi wa pili, pamoja na zile dakika 64, nilikuwa nimeandika mapigo ya moyo nilipofika Tongoni: 156. Na baada ya kusimama dakika moja: 144. Niliandika kwa mazoea ya kazi tu. Siku ya mwezi wa saba, ile ya machozi, niliandika 148, na baada ya dakika moja, 124. Nilizisoma usiku, nimeshaoga, nimeketi kitandani. Nilikuwa nimepigana na kusi dakika 79 na moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko siku niliyosukumwa na kaskazi. Na ulipopewa dakika moja ya kupumzika, ulishuka mapigo 24, pale ambapo zamani ulishuka 12. Maendeleo yote niliyokuwa nayalilia yalikuwa yameandikwa kwa mkono wangu, mstari wa chini yake.

Kipimo cha dakika moja nakipenda kuliko vyote. Unasimama, unaweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye mkono wa pili chini ya kidole gumba. Usitumie gumba, lenyewe lina pigo lake litakuchanganya. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Fanya mara tu unaposimama, maana mapigo yanashuka upesi. Subiri dakika moja, hesabu tena. Moyo unaozoea kazi unashuka haraka. Namba ya mwenzako isikuhusu. Linganisha ya kwako na ya kwako.

Kipimo cha pili ni cha kitandani. Ukiamka, kabla hujashusha miguu chini, hesabu dakika nzima. Mtu mzima akiwa ametulia huwa kati ya 60 na 100. Mimi nilianza na 78, leo niko 66. Tazameni maana yake. Mwili uliotulia unahitaji karibu lita tano za damu kila dakika. Kwa mapigo 78, kila pigo linatoa kama mililita 64. Kwa mapigo 66, kila pigo linatoa kama 76. Lita ni zile zile, ila moyo umejifunza kujaza ndoo kabla ya kuimwaga. Na kama tofauti hiyo ya mapigo 12 ingedumu mchana na usiku, ni mapigo 17,280 ambayo moyo wangu umepunguziwa kila siku. Mimi nafanya kazi wodini, nimeona mioyo iliyochoka. Namba hiyo kwangu si ndogo.

Lakini msitazame asubuhi moja. Chai ya usiku, usingizi mbaya, joto la mwezi wa pili, ugomvi wa nyumbani, vyote vinapandisha. Kina mama, siku za kabla ya hedhi mapigo huongezeka kidogo, ni kawaida ya mwili, usidhani umezorota. Angalieni wiki nzima. Homa nayo hupandisha karibu mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mwezi wa tano niliamka na 80, kesho yake 82, sina maumivu popote. Sikupanda baiskeli, nikaenda kupima. Malaria. Daftari lilinishtua kabla mwili haujalalamika.

Sasa pumzi. Bwana mmoja wa Sweden, Gunnar Borg, alitengeneza ngazi ya kujieleza umechoka kiasi gani, inaanzia 6 mpaka 20. Alianzia 6 kwa makusudi: ukizidisha kwa kumi unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya, 6 ni kama 60, 20 ni kama 200. Ni ngazi nzuri na mahospitalini inatumika. Ila sisi huku tuna ngazi yetu, ni salamu. Ukipita barabara ya Mwambani asubuhi utasalimiwa na utasalimia. Kama unaweza kumaliza salamu yote, shikamoo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mzee vipi mguu wake, na miguu yako haijaacha kukanyaga, basi hiyo ni kazi nyepesi, na sehemu kubwa ya mazoezi yako inapaswa kuwa hapo. Ukiweza kusema "za nyumbani" halafu ukavuta pumzi, ni wastani. Ukiinua mkono tu, ni nzito. Andika tu: salamu nzima, nusu salamu, mkono. Baada ya wiki sita mwendo uliokuwa wa mkono utakuwa wa nusu salamu, na hapo umeendelea, saa iseme isemavyo.

Na hapa naomba wanaotumia dawa za presha wanisikilize vizuri. Ziko dawa, kama atenolol na propranolol, ambazo kazi yake ni kuzuia moyo usipige haraka. Ukizitumia, namba zangu hizi hazikuhusu, mapigo yako yatakuwa ya chini hata ukitaabika. Wewe tumia salamu. Na usiache dawa kwa sababu umeanza baiskeli. Presha ikishuka, daktari ndiye atakayepunguza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kuruka ruka bila mpangilio: shuka, kaa kivulini, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ile kanuni ya 220 kutoa umri mtaikuta kila mahali. Kwangu inatoa 172. Ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 na zaidi, juu au chini. Isikutishe, isikubane.

Kuhusu simu na saa za kisasa nitasema kidogo. Programu kama Strava inakutunzia njia na umbali vizuri, itumieni kwa hilo. Saa inayosoma mapigo kwa taa kwenye mkono hubabaika ukiwa kwenye njia ya makorongo, mkanda wa kifuani ni sahihi zaidi. Namba ya kalori ulizochoma ni makisio, usiile. Ninachokiogopa ni kushindana na majina ya watu kwenye kioo wakati malori yanapita pembeni yako. Nimefunga vidonda vya kijana aliyekuwa akitafuta sekunde tatu.

Mzani nao una mambo yake. Nilijipima kabla na baada ya safari moja ya saa mbili: nimepungua kilo 1.2. Hayo ni maji, karibu lita moja na robo ya jasho, na jioni yalikuwa yamerudi. Mkianza mazoezi, misuli inaweka akiba ya wanga pamoja na maji yake, uzito unaweza kupanda wiki za mwanzo. Chukueni utepe wa fundi cherehani, mpime kiuno mara moja kwa mwezi. Mimi kilo zangu zimepungua mbili tu. Kiuno, sentimita saba.

Jambo jingine, baiskeli yenyewe. Ukipima leo tairi zimelegea na mwezi ujao umejaza upepo, dakika ulizookoa ni za pampu. Ukiinua kiti, ukibadili mnyororo, andika, na hesabu yako ianze upya. Baiskeli yangu haina gia, kwa hiyo goti la kulia likipanda mara nyingi zaidi kwa dakika, ndio mwendo wenyewe. Mwenye gia ahesabu kwa gia moja ile ile.

Na msijipime kila siku. Mimi napima mara moja kila wiki nne, alfajiri baada ya swala, kabla upepo wa bahari haujaamka, kwenye kipande kile kile cha barabara ya Raskazone, mzunguko wa dakika kama 20. Miezi ya maleleji, ile ya kati ya kaskazi na kusi, ndiyo mizuri zaidi, hewa imesimama. Mwezi wa Ramadhani sipimi kabisa. Naendesha polepole karibu na futari, basi.

Ukurasa mmoja wa daftari langu niwasomee kama ulivyo: "Jumamosi. Kitandani 67. Kusi, kidogo. Tairi nimejaza jana. Raskazone mizunguko miwili, dakika 41. Nusu salamu. Kufika 140, dakika moja 116. Goti la kushoto lilianza kuuma mzunguko wa pili, likaacha." Mistari minne. Hilo goti nililirudia wiki tatu mfululizo, ndipo nikajua kiti kilikuwa chini mno.

Kwenye meza hapo kuna madaftari na kalamu, chukueni, kila mtu moja. Fungueni ukurasa wa kwanza, andikeni tarehe ya leo. Namba ya sasa si ya kitandani, mmekaa na mmekunywa kahawa, kwa hiyo pembeni yake andikeni "kikao". Vidole viwili, chini ya gumba. Mzee, sogeza kidogo kuelekea nje... hapo hapo. Umelipata? Haya, tutazameni saa ya ukutani. Mshale mwekundu ukifika juu tunaanza kuhesabu kimya kimya, dakika nzima.

Sasa.